Jinsi ya Kuishawishi Jumuiya ya Afrika Mashariki Ibadili Sheria: Mwongozo Kamili kwa Vyama vya Wakulima, Wafanyabiashara na Wafanyakazi

Kila baada ya miezi michache naletewa rasimu ya barua niipitie. Waandishi ni tofauti, leo wauza nafaka wa mpakani, kesho madereva wa malori, keshokutwa wavuvi wa Ziwa Viktoria, lakini barua ni ileile: "Mheshimiwa Spika, sisi wananchi wa Afrika Mashariki tunaliomba Bunge lako tukufu litutazame." Zinafuata kurasa sita za malalamiko, yote ya kweli, kisha sahihi na mihuri. Barua inapelekwa Arusha, yaliko makao makuu ya Jumuiya na Bunge lake, inagongwa muhuri wa kupokelewa, na safari yake inaishia hapo.

Watu hawa hoja wanayo. Wanachokosea ni mlango. Sheria nyingi za Jumuiya hupikwa kwenye miji mikuu, mezani kwa maofisa ambao huwasikii kwenye taarifa ya habari. Arusha hupakuliwa tu. Ukifika wakati wa kupakua na kuanza kulalamikia chumvi, umechelewa.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: chama cha wanawake wa Tanzania wanaouza mahindi Namanga, mpakani na Kenya. Chama chenyewe ni cha kubuni. Shida zake si za kubuni.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Nakala ya Mkataba wa Jumuiya. Ulitiwa saini 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika 7 Julai 2000. Soma mwenyewe ibara za 14, 16, 30, 50, 59, 63 na 127. Ni kazi ya jioni moja.
- Hati ya usajili wa chama na muhtasari wa kikao cha wanachama. Muhtasari uonyeshe kwamba wanachama ndio waliowatuma. Ofisa akiuliza "Mnamwakilisha nani?", unaweka karatasi mezani.
- Waraka wenyewe unaowaumiza. Iwe sheria, kanuni, kiwango cha ubora au orodha ya ushuru, tafuta maandishi yake. Usitegemee maelezo ya wakala wa forodha.
- Daftari la matukio. Nitalieleza kwenye hatua ya tatu.
- Mtu mmoja anayeandika Kiingereza cha kisheria. Vikao na rasimu za Jumuiya huendeshwa zaidi kwa Kiingereza. Wanachama watoe ushahidi kwa Kiswahili, lakini pendekezo la kifungu liende kwa lugha ya rasimu.
- Fedha na subira ya miaka miwili au mitatu. Nauli, chakula, kurudufu nyaraka. Chama chenye nauli ya safari moja tu bora kiitumie kwenda mji mkuu wa nchi yake, Arusha isubiri.

## Hatua ya 1: Amua kama sheria ni mbaya, au ni nzuri ila haifuatwi

Hapa ndipo nguvu nyingi hupotea bure. Wanawake wa Namanga wanasema, "Tunatozwa ushuru mahindi yetu." Je, sheria inasema watozwe? Haisemi hivyo. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani na uliomo kwenye orodha iliyokubaliwa, ana haki ya kutumia cheti rahisi cha uasili, yaani karatasi inayothibitisha bidhaa imezalishwa ndani ya Jumuiya, kinachotolewa palepale mpakani. Ofisa akikikataa, shida iko kwake, sheria haina kosa.

Hali ikiwa hivyo, usiombe sheria mpya. Peleka tukio kwenye Kamati ya Taifa ya Ufuatiliaji wa Vikwazo Visivyo vya Kiforodha ya nchi yako. Jumuiya ina sheria ya kuondoa vikwazo hivyo tangu 2017, na kamati hizi ndizo zinazoingiza kikwazo kwenye orodha ya kikanda ambayo mawaziri huipitia.

Tahadhari: ukiomba sheria mpya juu ya jambo ambalo tayari lina sheria, unawapa wapinzani nafasi ya kufungua upya kile ulichokwisha kukipata.

Ukiweza kusema kwa sentensi moja "Waraka fulani, kifungu fulani, unasema hivi, na sisi tunataka useme hivi", endelea. Ukishindwa, rudi kwa wanachama mkae tena.

## Hatua ya 2: Tambua aina ya waraka, maana kila waraka una mlango wake na kalenda yake

Njia ni nne, na usizichanganye.

Ushuru wa forodha. Njia hii haipiti kwenye muswada. Mapendekezo hukusanywa na wizara ya fedha ya kila nchi, kisha mawaziri wa fedha hukutana kabla ya bajeti, kwa kawaida karibu na Mei. Yanayokubaliwa hutangazwa kwenye Gazeti la Jumuiya na kuanza 1 Julai. Tangu 1 Julai 2022 Ushuru wa Pamoja, ule unaotozwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya, una viwango vinne: asilimia 0, 10, 25 na 35. Anayetaka bidhaa yake ihamishwe kutoka kiwango kimoja kwenda kingine awe ameandikia wizara yake kabla mwaka wa kalenda haujageuka au mara tu ukigeuka. Barua ya Mei ni ya bajeti ya mwaka ujao, hata kama imeandikwa vizuri namna gani.

Viwango vya ubora. Hivi huandikwa na kamati za kitaalamu za mashirika ya viwango ya nchi, TBS ya Tanzania, KEBS ya Kenya, UNBS ya Uganda na wenzao, kabla ya kuwa viwango vya Afrika Mashariki.

Nisimame kidogo hapa, kwa sababu somo hili wauza mahindi wamelilipia. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka. Malori yalipanga foleni mpakani. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti, na moja ya masharti lilikuwa cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Namba hiyo haikutoka hewani. Imo kwenye kiwango cha Afrika Mashariki cha nafaka ya mahindi, EAS 2, pamoja na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Aliyetaka kujadili namba, namna ya kuchukua sampuli au gharama ya kipimo alipaswa kuwa kwenye kamati ya kitaalamu wakati rasimu ya kiwango inatolewa maoni, kipindi ambacho kiko wazi kwa kila mtu na ambacho wakulima huhudhuria kwa nadra mno. Mbunge hawezi kukibadili kiwango kwa hotuba.

Kanuni, maelekezo na maamuzi ya Baraza la Mawaziri. Ibara ya 16 inayafanya yazifunge Nchi Wanachama. Njia hii ni ya haraka kuliko Bunge, na kwa maoni yangu ndiyo inayofaa vyama vingi zaidi.

Sheria ya Bunge la Afrika Mashariki. Muswada unaweza kuletwa na Baraza la Mawaziri au na mbunge mmoja mmoja chini ya Ibara ya 59. Lakini muswada binafsi una kizuizi kikubwa: usiwe na kifungu kinachobebesha mfuko wa Jumuiya gharama. Rasimu inayounda "mamlaka mpya yenye makao yake" huanguka hapo.

## Hatua ya 3: Jaza daftari kwa miezi mitatu

Sababu ni moja. Ofisa wa wizara anasikia malalamiko kutwa nzima, lakini takwimu za mpakani mara nyingi hana. Ukimletea, umemsaidia kazi yake.

Nunua daftari la mistari. Kila mzigo uwe na mstari wake: tarehe, kilo, saa ya kufika, saa ya kuondoka, kilicholipwa, namba ya stakabadhi, aliyehudumia (cheo, si jina), na neno alilosema. Mtu asiyejua kuandika asimulie jioni, katibu aandike.

Niliwahi kukaa kwenye ofisi ambako mama mmoja alitoa daftari lake kwenye mfuko wa nailoni, jalada limeng'oka, kurasa zina unga. Ofisa alilipokea kwa adabu tu. Akafungua ukurasa wa tatu, akaweka kidole kwenye safu ya saa, akawa anahesabu muda wa kusubiri huku akishuka nacho: saa nne, saa tano, siku mbili, saa sita, siku mbili. Akarudia tena kutoka juu. Akauliza, "Hizi siku mbili zote ni Ijumaa?" Kweli, zote zilikuwa Ijumaa. Mpimaji wa sampuli alikuwa haji siku hiyo, na hakuna aliyewahi kuliona hilo, hata mama mwenyewe. Kikao kile kilifanya kazi kuliko maandamano, na daftari lile lilikuwa na mistari isiyofika mia moja.

Tahadhari: usitie chumvi. Namba moja ya uongo ikigundulika, daftari zima linatupwa, na chama chako kinakumbukwa kwa hiyo namba moja.

## Hatua ya 4: Andika kifungu, si malalamiko

Swali linalowanyamazisha watu wengi ni hili: "Mnataka ibara ipi isomekeje?" Wanatazamana.

Tengeneza jedwali la safu nne. Ya kwanza, namba ya kifungu. Ya pili, maneno yaliyomo sasa, neno kwa neno. Ya tatu, maneno mnayopendekeza. Ya nne, sababu, isiyozidi mistari mitano. Majedwali ya namna hii ndiyo maofisa na makarani wa kamati wanayoyatumia, kwa hiyo yako inaweza kunakiliwa moja kwa moja kwenye ripoti yao. Hilo ndilo unalolitafuta: maneno yako yatembee bila wewe.

Kwa chama chetu cha Namanga, safu ya tatu ingesomeka hivi: "Sampuli ya mzigo usiozidi tani moja itapimwa kwenye kituo cha mpakani, na majibu yatatolewa ndani ya saa 24, majibu yakichelewa bila kosa la mwenye mzigo, gharama ya kuhifadhi mzigo haitakuwa juu yake." Linganisha na "Tunaomba upimaji uharakishwe." La kwanza linajadilika, linapunguzika, linapigiwa kura. La pili linapokelewa kwa tabasamu.

Andaa matoleo mawili: ukurasa mmoja wa kumwachia waziri, na kurasa nne hadi sita zenye jedwali na dondoo za daftari kwa wataalamu. Zaidi ya hapo hazisomwi.

## Hatua ya 5: Tafuta wenzako ng'ambo ya mpaka

Mkutano wa Wakuu wa Nchi huamua kwa maafikiano, na Baraza la Mawaziri pia limejengwa juu ya msingi huo. Nchi Wanachama sasa ni nane: Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Somalia. Nchi moja ikisema "tunahitaji muda zaidi wa mashauriano", ajenda yako inahamia kikao kijacho. Inaweza kuhama hivyo kwa miaka.

Kwa hiyo pendekezo linaloonekana ni la Watanzania peke yao, au la Wakenya peke yao, limeanza na mguu mbovu. Wanawake wa Namanga watafute wenzao wa upande wa Kenya kwanza, jambo rahisi kwa kuwa wanauziana kila siku. Kisha wa mipaka mingine: Busia, Mutukula, Rusumo. Kila chama kipeleke jedwali lilelile kwenye wizara ya nchi yake. Lilelile hasa. Likitofautiana kwa neno moja, wataalamu watalijadili hilo neno hadi saa ya chakula.

Miavuli ya kikanda ipo tayari: Baraza la Biashara la Afrika Mashariki (EABC), shirikisho la wakulima EAFF, shirikisho la vyama vya wafanyakazi EATUC, jukwaa la asasi za kiraia EACSOF, na chama cha wanasheria EALS. Wanajua nani anakaa ofisi gani na kikao kijacho ni lini. Ingieni chini ya mwavuli, lakini msiwaachie kalamu. Pendekezo la wauza mahindi wadogo likiandikwa na wasagishaji wakubwa huweza kurudi likiwa na sura nyingine kabisa.

Mmefaulu hatua hii mnapokuwa na barua zenye kifungu kilekile kutoka nchi tatu angalau.

## Hatua ya 6: Orodhesha watakaowapinga, hata walio mbali

Machi 2016 Wakuu wa Nchi walielekeza nguo na viatu vya mitumba viondolewe hatua kwa hatua ndani ya miaka mitatu ili viwanda vya nyumbani vipumue. Ulikuwa uamuzi wa ngazi ya juu kuliko zote. Mwaka mmoja baadaye, Machi 2017, chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika cha Marekani, Secondary Materials and Recycled Textiles Association, kilipeleka ombi kwa mwakilishi wa biashara wa nchi hiyo, kikidai uamuzi ule unavunja masharti ya AGOA, mpango unaoruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru.

Hawakuja Arusha. Hawakuandika kwa Spika. Waligusa pale ambapo kila nchi ya kwetu ilikuwa na kitu cha kupoteza. Kenya ilirudi nyuma mapema. Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ilishikilia ushuru wake, na mwisho wa Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye unafuu wa AGOA. Uamuzi wa pamoja ukawa umekufa bila kikao chochote kuufuta.

Namkumbusha hili kila anayeniambia "Marais wameshakubali". Andika majina ya wote watakaopoteza fedha pendekezo lako likipita: waagizaji, wasindikaji, halmashauri zinazokusanya ushuru wa mazao, wafadhili, nchi jirani. Kwa kila mmoja andika hoja yake bora, si ile dhaifu, na jibu lenu. Mkikosa jibu, punguzeni pendekezo sasa, mkiwa bado peke yenu chumbani.

## Hatua ya 7: Anza na ofisa wa nyumbani, kabla ya kikao

Hatua hii ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo huu.

Vikao vya Mabaraza ya Kisekta, yaani mikutano ya mawaziri wa sekta moja kutoka nchi zote, huenda kwa ngazi tatu, mara nyingi ndani ya wiki moja. Kwanza hukaa wataalamu na maofisa waandamizi. Wanafuata makatibu wakuu wa wizara. Mawaziri wanamalizia, pengine kwa siku moja tu. Ripoti huandikwa ngazi ya kwanza. Makatibu wakuu huisafisha, na mawaziri hujadili yale machache yaliyoachwa wazi. Jambo lisilokuwemo kwenye ripoti ya wataalamu ni shida kubwa kuliingiza juu.

Na mtaalamu wa nchi hasafiri na maoni yake binafsi. Anasafiri na msimamo wa nchi, uliokubaliwa kwenye kikao cha ndani wiki kadhaa kabla. Kikao hicho cha ndani ndicho mlango wenu.

Fanyeni hivi:

Kwanza, jueni wizara inayoshika jambo lenu. Mahindi ni kilimo na biashara. Mshahara na kibali cha kazi ni kazi na uhamiaji. Wizara inayoshughulikia Afrika Mashariki huratibu, lakini hoja ya kitaalamu hutoka kwenye wizara husika. Wengi huandikia ile ya uratibu peke yake. Andikieni zote mbili, nakala kwa nakala.

Pili, muulizeni ofisa wa dawati tarehe ya kikao kijacho cha kisekta na tarehe ya kikao cha ndani. Ulizeni kwa upole na mrudie kuuliza, kwa sababu tarehe huhama.

Tatu, ombeni kuhudhuria kikao cha ndani. Ibara ya 127 inazitaka nchi ziweke mazingira mazuri kwa sekta binafsi na asasi za kiraia, na inamtaka Katibu Mkuu wa Jumuiya aweke jukwaa la mashauriano nazo. Itajeni kwenye barua. Haiwalazimishi kuwapa kiti, ila inamrahisishia ofisa kuwatetea kwa bosi wake.

Nne, mpeni jedwali wiki tatu kabla. Siku mbili kabla ni kumtwisha mzigo.

Tahadhari mbili. Msimzunguke ofisa kwa kukimbilia kwa waziri. Waziri akishuka na karatasi yenu na kuuliza "Hii mmeiona?", mmejitengenezea adui atakayekuwepo ofisini hata waziri huyo akishaondoka. Na bahasha hapana, hata ikiitwa nauli. Mkitoa mara moja mtatoa kila mara, na siku ikijulikana, hoja yenu halali inazikwa nayo. Chai na maandazi kwenye mkutano mliouitisha wenyewe, mbele ya watu wote, vinatosha.

Mtajua mmefika mtakapoona sentensi yenu kwenye ripoti ya wataalamu, penye maneno "Mkutano ulipendekeza". Hata ikiwa imepunguzwa nusu.

## Hatua ya 8: Nenda Bungeni ukiwa na mbunge, kamati na rasimu

Kama jambo lenu kweli linahitaji sheria, sasa ndiyo zamu ya Arusha.

Kila nchi ina wabunge tisa wanaochaguliwa na bunge la taifa kutoka nje ya bunge hilo. Hawana jimbo la uchaguzi kama mbunge wa kwenu, kwa hiyo hoja ya "wapiga kura wako wanaumia" haiwagusi sana. Wanachohitaji ni jambo zuri la kulibeba, lenye ushahidi, lisilowaaibisha mbele ya wenzao. Mtafuteni aliye kwenye kamati inayohusika. Mahindi ya Namanga yanaangukia Kamati ya Mawasiliano, Biashara na Uwekezaji, au ile ya Kilimo, Utalii na Maliasili. Kisha mtafuteni mwingine wa nchi tofauti wa kumuunga mkono.

Njia ya muswada binafsi imewahi kuzaa matunda. Sheria ya Jumuiya ya kuzuia na kudhibiti VVU na Ukimwi, iliyopitishwa na Bunge Aprili 2012, ililetwa na mbunge wa Uganda, Lydia Wanyoto, huku mtandao wa asasi za Ukimwi wa kanda, EANNASO, ukiwa bega kwa bega naye. Muswada wa vyama vya ushirika uliopitishwa mwanzoni mwa 2015 nao ulikuwa wa binafsi, na wakulima kupitia EAFF ndio waliousukuma.

Muswada ukishasomwa ni mali ya Bunge. Jambo hili lilipiganiwa mahakamani. Mwaka 2005 Calist Mwatela na wabunge wenzake wawili walifungua shauri baada ya Baraza la Mawaziri kutaka kujitwalia na kuondoa miswada iliyokwisha kufikishwa Bungeni, na Oktoba 2006 Mahakama ya Afrika Mashariki ikasema Baraza haliwezi kuuondoa muswada binafsi. Mkitishwa kwamba "serikali wameuondoa", ulizeni: kwa azimio gani la Bunge?

Angalieni pia mhula. Bunge la tano lilianza Desemba 2022, na mhula ni miaka mitano. Muswada unaoletwa mwaka wa mwisho uko hatarini kuanza upya, tena kwa wabunge wasiowajua.

## Hatua ya 9: Ukiitwa mbele ya kamati

Kamati huzunguka nchi wanachama kusikiliza wadau, fedha zikiruhusu. Taarifa inaweza kutoka siku chache kabla, kwa hiyo msemaji wenu awe ameshajulikana.

Pelekeni watu wawili: mmoja anayeujua mzigo, mmoja anayejua kifungu. Dakika kumi mkipewa, saba ziwe za maelezo na tatu za maswali. Mama aanze kwa Kiswahili na tukio moja, siku moja, mzigo mmoja. Mwenzake afuate na jedwali. Shukrani za itifaki zisizidi sentensi moja, kwani nimeona vyama vikimaliza nusu ya muda wao kwa kumshukuru mwenyekiti.

Msipojua jibu, semeni "Tutaleta kwa maandishi kabla ya Ijumaa", kisha leteni kabla ya Ijumaa. Baada ya kikao mwendeeni karani wa kamati, mumwachie nakala laini ya jedwali ili aweze kunakili. Huyu ndiye anayeandika ripoti.

## Hatua ya 10: Muswada ukipita, kazi iko nusu

Watu hushangilia, hupiga picha, hurudi nyumbani. Lakini muswada hauwi sheria mpaka wakuu wa nchi wote waridhie. Ibara ya 63 inatoa miezi mitatu. Usiporidhiwa unarudishwa Bungeni na sababu. Ukirudi kwa wakuu wa nchi mara ya pili na mmoja akakataa, unakufa. Nchi moja inatosha.

Sheria ya kudhibiti uzito wa magari, ile inayoweka kikomo cha tani 56, ilipita Bungeni 2013. Jina lake kamili limebeba mwaka 2016. Hiyo ndiyo miaka ambayo hakuna anayepiga picha.

Katika kipindi hicho kila chama mshirika kiandikie ofisi ya mwanasheria mkuu wa nchi yake, kwa sababu ushauri wa kuridhia au kutoridhia hutokea huko, na wizara husika. Ulizeni swali moja tu: kuna kifungu gani kinachowapa taabu? Mkijibiwa, mmepata kazi ya kufanya. Mkinyamaziwa, rudini mwezi ujao.

Sheria ikianza kutumika, fungueni daftari jipya, safu zilezile. Bila hilo hamtajua kama siku mbili za Ijumaa zimepungua.

## Mkikwama kabisa: Mahakama

Ibara ya 30 inamruhusu mkazi yeyote wa Nchi Mwanachama kupeleka Mahakama ya Afrika Mashariki shauri dhidi ya sheria, kanuni, maelekezo, uamuzi au kitendo cha nchi au cha chombo cha Jumuiya kinachokiuka Mkataba. Shirika la kutetea wanyama la ANAW lilitumia njia hii kupinga barabara ya lami kukatiza Serengeti, na likapata hukumu Juni 2014.

Muda wa kufungua shauri ni miezi miwili tangu kitendo kutokea au tangu mlipokijua, na Mahakama imekuwa kali sana juu ya hesabu hiyo. Kusema madhara bado yanaendelea hakurefushi muda. Kwa hiyo siku uamuzi unaowaumiza unapotoka, katibu aandike tarehe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, ahesabu miezi miwili mbele, na amtafute mwanasheria wiki hiyohiyo hata kama mazungumzo na wizara yanakwenda vizuri.